Mathenge Ni Mti Gani Hasa?

Katika faili la kwanza mti uliandikwa Prosopis chilensis. La pili lilisema Prosopis juliflora. La tatu, lililopigwa kwa taipureta enzi hizo, lilisema Prosopis pallida, kisha mtu akakata kwa kalamu na kuandika juu yake "juliflora" pamoja na alama ya kuuliza. Mafaili yote matatu yalizungumzia miti ileile, iliyopandwa maeneo yaleyale ya Marigat, Baringo, na sisi sote ofisini tulikuwa tukiiita mathenge bila wasiwasi wowote.

Wakati huo nilikuwa msaidizi wa utafiti. Kazi tuliyopewa ilikuwa ya ramani: mathenge umefika wapi, umemeza malisho kiasi gani, umebakiza umbali gani kufika kwenye mashamba ya umwagiliaji. Hakuna aliyetutuma kuchunguza ni mti gani. Swali lilizuliwa na fomu, kwa kuwa ilikuwa na nafasi ya jina la kisayansi, na mkuu wetu hakuwa mtu wa kuacha nafasi ijazwe kwa mazoea. Aliniuliza nimejuaje kuwa ni juliflora. Nikamwambia kila mtu anajua. Akanijibu kuwa huyo "kila mtu" ndiye shahidi asiyemwamini kabisa, na akanirudishia fomu zote.

Kwa asiyeujua, mathenge ni mti wa jamii ya kunde wenye asili ya bara la Amerika. Kumbukumbu za kuletwa kwake Kenya zinaanzia mwaka 1973, ulipopandwa Bamburi karibu na Mombasa ili kufunika machimbo yaliyoachwa wazi, kwa mbegu zilizotoka Brazil na Hawaii. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 ukapandwa Baringo na sehemu nyingine kavu kupitia miradi ya kuni na ya kuzuia jangwa. Ulikuwa na kila sifa ya mti wa msaada: hauogopi ukame, unavumilia chumvi, makaa yake ni mazito, na mifugo inapenda maganda yake. Ukastawi kupita matarajio ya waliouleta. Mbegu zikapita salama matumboni mwa ng'ombe na mbuzi, zikaota kwenye samadi, mafuriko yakazibeba, vichaka vikafunga njia za kuelekea ziwani. Mbuzi waliokula maganda yale yenye sukari kupita kiasi wakaoza meno. Mwaka 2006 wakazi wa jamii ya Ilchamus waliishtaki serikali, na mbuzi kibogoyo akapelekwa mahakamani Nairobi awe ushahidi. Mwaka 2008 mathenge ukatangazwa rasmi kuwa gugu hatari.

Mabishano juu ya mti huu niliyakuta yamekomaa. Kulikuwa na waliotaka ung'olewe wote, na waliotaka utumiwe ndiyo njia ya kuudhibiti. Hawa wa pili walikuja mikutanoni na makaratasi ya kuvutia kweli. Huko Piura, kaskazini mwa Peru, maganda huchemshwa mpaka yatoe sharubati nzito iitwayo algarrobina, ambayo watu huitia kwenye vinywaji na vyakula. Huko Hawaii mti huo huitwa kiawe, na ulitoa kivuli, kuni, makaa na asali nyeupe inayouzwa ghali. Wafugaji waliosikiliza habari hizo walitazamana. Mzee mmoja aliuliza kwa upole kama mbuzi wa Peru wana meno ya chuma.

Swali lake lilichekesha ukumbi, lakini nililirudia usiku nikiwa na makala yale mezani. Mti uliosifiwa Piura na Hawaii umeandikwa humo kuwa Prosopis pallida. Uliokuwa ukilalamikiwa Marigat, kwa nusu ya mafaili yetu, ni Prosopis juliflora. Yaani upande mmoja ulikuwa ukileta sifa za mti mmoja na upande wa pili ukileta dhambi za mti mwingine, wote wakidhani wanabishania kitu kimoja. Tangu siku hiyo ile nafasi ya jina kwenye fomu haikuwa tena jambo la karani.

Nikaanza kufuatilia mkanganyiko ulikotoka, na nilishangaa jinsi ulivyo mkongwe. Mwaka 1788 Olof Swartz, mtaalamu wa mimea kutoka Sweden, aliueleza mti wa Jamaica akauita Mimosa juliflora. Mwaka 1825 Augustin Pyramus de Candolle akauhamishia kwenye jenasi, yaani kundi la spishi zenye undugu wa karibu, iitwayo Prosopis. Hadi hapo mambo ni shwari. Baadaye katika karne hiyo ya 19 George Bentham, Mwingereza aliyepanga mimea mingi ya jamii ya kunde, aliona miti hii inafanana mno, akaijumuisha mingi chini ya jina hilohilo la juliflora: ya Karibi, ya Mexico, na ya kusini zaidi. Simlaumu. Mtu aliyeletewa matawi makavu kutoka mabara ya mbali, mengine hayana ganda, angeona nini zaidi? Lakini matokeo yake yalikuwa kwamba kwa muda mrefu jina la mti wa Jamaica lilitumika kwa karibu kila ndugu yake. Ilipofika 1962 ndipo Marshall Johnston alipoichambua upya ile ya Amerika Kaskazini, na mwaka 1976 Arturo Burkart wa Argentina akatoa uchambuzi wa jenasi nzima, wenye spishi 44.

Tatizo ni kwamba mbegu hazikusubiri Burkart amalize. Mti wa kwanza wa Hawaii ulipandwa Honolulu mwaka 1828 na padri Alexis Bachelot, na kizazi chake kiliandikwa chilensis, kikaandikwa juliflora, kabla ya kukubalika kuwa pallida. Sudan iliupokea mwaka 1917, na kwa miaka mingi vitabu vya huko viliutaja kama chilensis, hadi watafiti walipoukagua upya na kuona kuwa ule ulioenea ni juliflora. Kaskazini-mashariki mwa Brazil ulianza kupandwa Serra Talhada mwaka 1942, ukaitwa juliflora kwa miongo kadhaa, na baadaye ikaonekana kuwa mwingi wake ni pallida. Sasa kumbuka Bamburi walichukua mbegu wapi: Brazil na Hawaii. Kila mfuko ulisafiri na jina lililokuwa likitumika siku uliposhonwa, na aliyeupokea alinakili lebo kwenye daftari lake. Lebo ikawa faili, faili likawa ripoti, ripoti ikanukuliwa na ripoti nyingine. Hakuna aliyedanganya hata mmoja katika mnyororo huo.

Kwa hiyo karatasi hazingetusaidia kumtambua mtuhumiwa. Ilibidi turudi kwenye mti wenyewe.

Jani la mathenge limegawanyika mara mbili. Kutoka kwenye kikonyo kikuu hutoka vitawi viwili viwili vinavyotazamana, jozi moja, mbili, tatu, na kila kitawi kimepangwa vijani vidogo pande zote mbili. Hivyo vijani vidogo ndivyo vyenye ushahidi. Kwa chilensis ni virefu na vyembamba, vimeachana, urefu wake huanzia milimita 10 na vingine hupita 60. Kwa juliflora ni kati ya milimita 6 na 23 hivi. Kwa pallida ni vidogo, huishia kwenye milimita 8 au chini ya hapo, na vitawi vyake mara nyingi huwa na jozi nyingi zaidi. Ukisoma hivyo kitabuni unaona kazi ni ya asubuhi moja. Rula, daftari, basi.

Ukifika porini unakuta mathenge haukusoma kitabu. Mti uliokatwa ukachipua kutoka kwenye kisiki hutoa majani makubwa kuliko ya mti mzima. Tawi la kivulini lina vijani vipana kuliko la juani. Mwezi wa ukame mkali huleta vijani vidogo ambavyo mtu mwenye haraka angeapa ni pallida. Na vipimo vya juliflora na vya pallida vinaingiliana: kijani cha milimita 7 kinaweza kuwa cha yeyote kati yao. Tulipolinganisha vipimo vya wiki za mwanzo, kila mmoja wetu alikuwa na "spishi" yake kutegemea alisimama wapi na saa ngapi alichoka.

Mkuu wetu akaweka sheria. Tawi litoke kwenye mti mzima unaozaa, upande wa jua, lisitoke kwenye chipukizi la kisiki. Jani lipimwe la katikati ya tawi, na kijani kipimwe cha katikati ya kitawi, siyo cha ncha wala cha shina. Ganda lililokomaa lazima liwepo. Bila ganda, andika "haijulikani" na uendelee na safari. Sheria hiyo ya mwisho ilituuma. Unatembea tangu alfajiri kwenye miiba inayotoboa soli ya kiatu, unafika kwenye mti mzuri, hauna ganda hata moja, na unaandika neno lile. Daftari langu la mwezi wa kwanza lilijaa "haijulikani" mpaka nikaona aibu kulionyesha.

Watu wa Marigat walitusaidia kuliko walivyojua. Mama mmoja mchoma makaa alitusikia tukibishana kando ya tanuri lake akaingilia: "Mwanangu, kwani hamjui iko miwili? Uko huu wa miiba mirefu, na uko ule mpole." Akatupeleka kuonyesha. Kweli, mmoja ulikuwa na miiba ya kutisha, na mwingine, hatua chache tu mbele, ulikuwa karibu hauna mwiba. Nilidhani tumepata jibu. Tulipopima vijani, vikalingana. Maganda yakalingana. Mama alikuwa na haki kuhusu miiba, kwa maana mikono yake ndiyo iliyoonja tofauti, lakini mwiba kwenye miti hii hubadilika kutoka mti hadi mti hata ndani ya spishi moja. Kwa kazi ya kuchagua mti wa kukata, uainishaji wake ulikuwa bora kuliko wetu. Kwa kazi ya kujua spishi, mwiba peke yake haumalizi kesi.

Ushahidi mwingine ulitoka kwa mzee aliyewahi kufanya kazi kwenye kitalu cha miche miaka ile ya 1980. Nilimkuta kwake, nikamwamkia, tukazungumza mifugo kwanza kama inavyopasa, na habari za kitalu zikaja zenyewe. Alikumbuka mbegu zililetwa kwenye makopo yenye maandishi. "Kopo likiisha tunajaza kutoka lingine, kijana. Bwana mkubwa alitaka idadi ya miche itimie." Niliuliza kama makopo yale yalikuwa na jina moja. Alinitazama kama mtu anayeulizwa rangi ya shati alilovaa siku ya uhuru. Maneno yake hayakutaja spishi yoyote, ila yalieleza kwa nini mafaili matatu yangeweza kutofautiana yote yakiwa yameandikwa kwa uaminifu: kitalu kimoja, makopo tofauti, miche iliyochanganyika kabla haijafika shambani.

Baada ya hapo tulikwenda Nairobi kutazama sampuli za zamani katika hebaria. Wengi hudhani hebaria ni ghala la majani makavu. Mimi niliona ni mahali pekee ambapo mabishano ya watu waliokufa yamehifadhiwa kwa mpangilio. Kila tawi limebandikwa kwenye karatasi ngumu, na pembeni kuna kijikaratasi cha aliyelikusanya: mahali, tarehe, jina. Mtaalamu mwingine akija na kuona jina si sahihi, haruhusiwi kufuta. Anabandika kijikaratasi chake chini ya kile cha kwanza, anaweka jina analoona ni sawa, sahihi na mwaka. Sampuli moja ya pwani ilikuwa na vijikaratasi vitatu vilivyopandana, kila kimoja na jina lake. Ukivisoma kwa mpangilio wa miaka unaona wazi kila mmoja alikuwa akitumia kitabu gani.

Kilichonisikitisha ni kwamba sampuli nyingi hazikuwa na maganda. Mkusanyaji alivunja kitawi chenye majani mazuri akaondoka. Tangu hapo siwezi kuona mtu akivunja kitawi cha majani matupu bila kumrudisha nyuma atafute tunda.

Njia iliyotutoa kwenye utata iko ndani ya seli. Pallida, kama ndugu wengi wa kundi hilo, ina kromosomu 28. Juliflora ina 56, maradufu. Kwa kawaida mmea wenye kromosomu maradufu huwa na seli kubwa zaidi, na hilo huonekana kwenye stomata, vile vitundu ambavyo jani hupumulia. Watafiti walikuwa wamekwisha kuchapisha, mwaka 2003 na tena 2008, jinsi ya kutumia tofauti hiyo kutenganisha spishi hizi, kwa hiyo hatukugundua kitu. Tulifuata nyayo.

Vifaa vyenyewe ni vya kuchekesha. Unanunua rangi ya kucha isiyo na rangi. Unapaka tabaka jembamba upande wa chini wa kijani, unasubiri ikauke, unabandika selotepu safi juu yake, unaibandua taratibu. Inatoka na alama ya ngozi yote ya jani. Unaibandika kwenye kioo na kukiweka chini ya hadubini. Mara ya kwanza niliona ukungu tu, kwa sababu nilipaka nene mno. Nilipopata kiasi sahihi, stomata zilijitokeza zimetapakaa kama midomo iliyofumbwa nusu, na kwenye kijicho cha hadubini kuna mistari ya kupimia. Ukipima moja haina maana yoyote. Unapima nyingi kutoka majani kadhaa ya mti mmoja, unatafuta wastani, unahamia mti mwingine. Macho yanauma, shingo inakaza, na hakuna mtu atakayekupigia makofi.

Hata hivyo mafungu yalijitenga. Miti ya Marigat ilikaa upande wa stomata kubwa, wenye miiba na wapole wa yule mama wakiwa pamoja. Majani tuliyochukua pwani yaligawanyika: mengine yalikaa na yale ya Marigat, mengine yalikuwa na stomata ndogo, na haya ya pili ndiyo yaliyokuwa na vijani vifupi na mashina yaliyonyooka. Sehemu ya sampuli ilipelekwa nje kwenye maabara yenye mashine inayopima kiasi cha DNA katika seli, kwa kuwa rangi ya kucha haiwezi kusimama peke yake kwenye ripoti. Majibu yalikubaliana na mafungu yetu. Kisanduku cha fomu za Marigat kikajazwa juliflora, safari hii kwa ushahidi. Ile chilensis ya faili la kwanza hatukuiona popote tulipopita. Vijani vyake virefu hivyo visingetukwepa.

Huenda mtu akasema mti ni mti, panga halichagui. Panga kweli halichagui, lakini kazi nyingine zinachagua sana. Australia iliachilia mwaka 1998 nondo wadogo wa jenasi Evippe kutoka Argentina, ambao mabuu yake hufunga majani ya Prosopis na kuyala. Afrika Kusini ilianza mapema zaidi, mwaka 1987, kwa kuachilia mende wanaokula mbegu ndani ya maganda. Ukitaka kufuata njia kama hizo lazima ujue unampeleka mdudu kwa mti gani, maana miti iliyovamia Afrika Kusini ni hasa ya spishi nyingine, velutina na glandulosa, na machotara yao, siyo hii ya kwetu. Mdudu anayenenepa kwenye mmoja anaweza kumdharau mwingine. Na hao watu wa sharubati nao wanahusika: anayetaka mti ulionyooka, wenye mapishi kama ya Piura, hatauvuna kwenye kichaka cha Marigat kwa kusoma makala ya Peru kwa sauti. Atafute pallida, au afanye majaribio ya maganda ya mti alionao, bila kuazima sifa za jirani.

Katika mkutano wa kupeleka matokeo nilimtafuta yule mzee wa meno ya chuma. Nilimweleza kwamba swali lake lilikuwa na msingi: uliosifiwa na wake ni miti miwili tofauti. Alifikiri kidogo, akasema, "Sasa mimi nitafanya nini na habari hiyo?" Nikamwambia siku nyingine akiletewa mradi kwa ushahidi wa ng'ambo, aulize kwanza ni spishi gani iliyofanyiwa majaribio huko. Alicheka, akaahidi kuuliza, na nasikia huuliza kweli mpaka wengine wanakereka.

Halafu, tukiwa tumeshazoea ushindi wetu, mwaka 2022 jina likabadilika tena. Uchambuzi wa vinasaba ulionyesha kwamba Prosopis ya zamani haikuwa ukoo mmoja, ikagawanywa. Jina la Prosopis lilibaki na spishi chache za Asia na jirani zake, mti wa Afrika Magharibi ukawa Anonychium africanum, na ile ya Amerika ikagawanywa kati ya Strombocarpa na Neltuma. Mathenge wa Marigat leo ni Neltuma juliflora. Mwenzangu mmoja alinipigia simu akicheka: si mlituapia kwamba mmemaliza?

Nilimjibu kwa kirefu kuliko alivyotaka, kwa sababu hapa ndipo watu wengi hupotea. Kuna jina kubadilika kwa sababu mti ulidhaniwa kuwa mwingine, na kuna jina kubadilika kwa sababu wataalamu wamepanga upya ukoo. La kwanza ni kosa la utambulisho, na linapogunduliwa kila kilichoandikwa juu ya mti huo inabidi kikaguliwe. La pili ni kama mtu kuhamishwa wilaya kwenye kitambulisho. Mti ni uleule, vipimo vyetu havikuguswa, kromosomu bado ni 56, na "juliflora" iko palepale alipoiacha Swartz. Ndivyo ilivyotokea kwa migunga yetu: mkutano wa wataalamu wa mimea huko Vienna mwaka 2005 ulipoamua jina Acacia libaki na miti ya Australia, na Melbourne mwaka 2011 uamuzi ukashikiliwa, migunga ya Afrika ikaingia Vachellia na Senegalia. Watu walinuna, na binafsi bado naona tulipunjwa, lakini hakuna mgunga uliogeuka kuwa mti mwingine. Nikimsikia mtu akitumia mabadiliko ya aina ya pili kudai kwamba wataalamu wa mimea hawajui wanachofanya, huwa nampa hadubini.

Fomu zetu sasa zina nafasi mbili za jina, moja la zamani na moja jipya, na nafasi ya tatu inayouliza: umetambuaje? Hiyo ya tatu ndiyo niliyoipigania. Majibu yanayokubalika ni kipimo, ganda, sampuli iliyohifadhiwa pamoja na namba yake, au "haijulikani". Vijana wapya huichukia kama nilivyoichukia mimi.

Watu hunitumia picha kwenye simu wakiuliza kama mti wao ni mathenge, na mathenge gani. Jani moja kiganjani halinisaidii. Naomba ganda lililokomaa, rula iliyolazwa kando ya kijani, picha ya shina lote, na maelezo kama tawi lilitoka kwenye mti mzima au kwenye kisiki kilichochipua. Juzi kijana mmoja wa Taveta alinitumia majani yenye vijani vidogo sana, shina limenyooka, miiba ya kuhesabika. Nilitamani kumwandikia pallida papo hapo. Nimemwambia asubiri maganda yakomae na apake rangi ya kucha kwenye majani machache ya upande wa jua. Amenijibu kwamba maganda bado ni ya kijani, na kwamba dada yake anataka kujua ni nani atakayelipia hiyo rangi.